Mkoba wa nyuzi za asili: Jinsi ya kuchagua utakaodumu safarini

MSAFIRI anayetoka Mombasa kuelekea Pwani ya Kusini hufika Kombani, mahali ambapo barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga huachana na ile inayopanda hadi mji wa Kwale na kuendelea Kinango. Wengi hubadili magari hapo. Mzigo ulioteremshwa kutoka gari moja hupandishwa katika jingine, na mkoba hupata mtihani wake wa kwanza. Kishikio kikikatika au kitako kikiachana, nguo hutawanyika kando ya barabara huku utingo akihimiza watu wapande haraka.

Katika miaka ya karibuni, wasafiri wengi wamerudia mikoba ya nyuzi za asili: vikapu vya ukindu na miyaa, vyondo vya katani, mifuko ya pamba na ya juti. Wengine wamefanya hivyo kwa kuzitii sheria za mazingira, wengine kwa urembo, na wengine kwa kuwa ndiyo mikoba waliyowaona nayo bibi zao. Hata hivyo, si kila mkoba unaoitwa wa asili uliotengenezwa kwa mmea, na si kila uliotengenezwa kwa mmea unaofaa safari. Isitoshe, mkoba unaochanika baada ya safari mbili haumfaidi mnunuzi wala mazingira, hata ukiwa umefumwa kwa nyuzi safi kabisa.

Makala haya yanaeleza aina za nyuzi zinazopatikana Pwani, namna ya kuukagua mkoba kabla ya kuulipia, na jinsi ya kuutunza ili ukae miaka mingi.

SHERIA ZINASEMAJE

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungashia bidhaa kupitia tangazo la Gazeti Rasmi nambari 2356 la mwaka 2017. Marufuku hayo yalianza kutekelezwa Agosti 28, 2017. Anayepatikana na hatia anakabiliwa na faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na miaka minne gerezani.

Kuanzia Juni 5, 2020, plastiki zinazotumika mara moja na kutupwa, kama vile chupa za maji, vikombe, sahani na mirija, zilikatazwa katika maeneo yanayohifadhiwa, zikiwemo mbuga, misitu na fuo. Kwa msafiri wa Kwale, jambo hilo si la mbali. Anayepanda kutoka Kombani kwenda Hifadhi ya Kitaifa ya Shimba Hills, au anayeteremka hadi Shimoni ili azuru hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, anapaswa kubeba chupa ya kutumia tena na tena. Hivyo, mkoba wake uwe na nafasi ya kuisimamisha chupa hiyo bila kumwagika.

Nchi jirani nazo zina sheria zao. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, na Tanzania ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019. Anayevuka mpaka kutoka Lunga Lunga kuingia Horohoro akiwa na mfuko wa aina hiyo hutakiwa kuuacha mpakani. Kikapu humwepusha na usumbufu huo.

PLASTIKI ILIYOVAA VAZI LA NGUO

Baada ya marufuku ya 2017, madukani kulijaa mifuko myepesi ya rangi mbalimbali iliyofanana na kitambaa. Wanunuzi wengi waliidhania kuwa ya nguo. Kwa hakika, mifuko hiyo imetengenezwa kwa polipropilini, yaani plastiki iliyogandamanishwa nyuzi zake bila kufumwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitangaza kwamba mifuko hiyo ingepigwa marufuku kuanzia Machi 31, 2019, kwa hoja kwamba mingi ilikuwa duni na isiyoweza kutumiwa mara nyingi. Suala hilo lilifikishwa mahakamani.

Udanganyifu wa namna hiyo haukukomea kwenye mifuko ya dukani. Vipo vikapu vilivyosukwa kwa mikanda ya plastiki, vyondo vilivyochanganywa katani na uzi wa nailoni, na mabegi yanayoitwa ya turubai ilhali ni ya poliesta.

Njia nyepesi ya kutambua ni moto. Mnunuzi amwombe muuzaji ruhusa, achukue uzi mmoja uliochomoza, ausogeze mbali na bidhaa na kuuchoma nchani. Uzi wa mmea huwaka kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi au jani linaloungua, kisha huacha jivu jepesi linalopukutika. Uzi wa plastiki hunywea, huyeyuka, na ukipoa huacha kidonge kigumu. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakuwa na sababu ya kukataa jaribio hilo.

HESABU YA MAZINGIRA

Wapo wanaoamini kwamba kununua mfuko wa pamba pekee kunatosha kuiokoa dunia. Utafiti umeonyesha kwamba hesabu haiko hivyo. Mwaka 2011, Shirika la Mazingira la Uingereza lilichapisha ripoti iliyoonyesha kuwa mfuko wa pamba unapaswa kutumiwa mara 131 ndipo athari yake katika kuongeza joto la dunia ilingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumiwa mara moja.

Wizara inayohusika na mazingira nchini Denmark nayo ilitoa matokeo yake mwaka 2018 kupitia shirika lake la ulinzi wa mazingira. Kwa kuzingatia athari za tabianchi pekee, mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumiwa mara 52. Kwa kuzingatia vigezo vyote, vikiwemo maji na kemikali, idadi ilipanda hadi mara 7,100. Sababu ni kwamba kilimo cha pamba na utengenezaji wa kitambaa hutumia maji, ardhi, mbolea na nishati kwa wingi.

Utafiti wa Denmark haukuhesabu madhara ya taka zinazotupwa ovyo. Kwa mkazi wa Pwani, hayo ndiyo madhara anayoyaona kwa macho: mifuko iliyonasa kwenye mikoko, ng'ombe waliomeza plastiki, na kasa wanaodhani mfuko unaoelea ni kiwavi cha baharini cha kuliwa. Hivyo takwimu hizo haziitetei plastiki. Zinachofundisha ni kwamba uimara ndio unaoupa mkoba wa asili thamani yake. Mkoba mmoja unaotumika miaka kumi ni bora kuliko mikoba kumi inayonunuliwa kila mwaka kwa jina la kuhifadhi mazingira.

NYUZI NA SIFA ZAKE

Katani. Hizi ni nyuzi za jani la mkonge. Mmea huo si wa asili ya Afrika Mashariki. Uliletwa Tanga mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, na kati ya miche yote iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Baadaye mashamba makubwa yalienea hadi Vipingo katika Kaunti ya Kilifi na Mwatate katika Taita Taveta. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Katani ni ngumu, haivutiki kwa urahisi, na hubeba mzigo mzito bila kulegea. Ndiyo inayosukia vyondo vya Ukambani, vya eneo la Kati na vya Taita. Kasoro yake ni kwamba hunyonya unyevu, na ikikaa na maji kwa muda mrefu hupata ukungu na kuoza. Aidha, katani isiyo na bitana hukwaruza ngozi na kunasa nguo laini.

Ukindu na miyaa. Ukindu ni jani la mkindu, mti unaopenda kandokando ya mito na mahali penye maji. Miyaa hutokana na mkoma, ambao huvumilia mchanga na ukame. Majani machanga hukatwa, huanikwa, huchanwa kuwa chane, kisha husukwa ukili mrefu unaozungushwa na kushonwa kuwa kikapu au mkeka. Kikapu cha ukili ni chepesi, hupitisha hewa, na hujikunja bila kuvunjika iwapo hakijakaukiana. Kinafaa nguo, vyakula na zawadi. Hakifai vitu vyenye ncha kali wala mizigo ya chuma.

Makuti na makumbi. Pakacha la makuti ya mnazi husukwa kwa dakika chache na kubeba nazi, maembe au samaki hadi sokoni. Ni chombo cha siku moja au wiki moja, na hakuna haja ya kukidai zaidi ya hapo. Makumbi ya nazi, kwa upande mwingine, hutoa nyuzi zinazostahimili maji ya chumvi kuliko takriban nyuzi zote za mimea, ndiyo maana kamba zake zimetumika vyomboni tangu kale. Hata hivyo ni nyuzi za kukwaruza, na hufaa zaidi kwa kamba za kufungia mzigo kuliko kwa mkoba wenyewe.

Pamba. Turubai nzito ya pamba ndiyo inayofaa zaidi kwa begi la safari ndefu. Hushoneka vizuri, hufulika, na ikichanika hutiwa kiraka na fundi yeyote wa cherehani. Marekani nyembamba inafaa kuwa bitana, wala si kuta za begi.

Juti. Nyuzi hizi, zinazolimwa hasa Bangladesh na India, ndizo za magunia ya zamani ya kahawa. Mfuko wa juti ni wa bei nafuu na huoza kabisa unapotupwa. Hata hivyo, juti hupoteza nguvu inapolowa na huchakaa haraka kwenye mikunjo. Ni mfuko wa kwenda sokoni, wala si wa kuvuka mipaka.

UKAGUZI KABLA YA KULIPA

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkoba usiachiwe ujisifie kwa rangi. Mnunuzi auchukue mkononi na kuukagua sehemu baada ya sehemu.

Kitako. Mkoba uwekwe chini ukiwa mtupu. Chondo kizuri husimama chenyewe bila kupinda. Kikapu cha ukili kitazamwe mahali mzunguko wa kwanza unapoanzia, kwani hapo ndipo hufumuka kwanza. Kitako kilichoshonewa tabaka la pili hudumu zaidi.

Msuko. Mkoba uinuliwe kuelekea mwanga. Mwanga ukipenya sawasawa kote, msuko ni wa kiwango kimoja. Ukipenya kwa wingi mahali fulani, hapo pamelegea. Ukili ubanwe kwa vidole viwili na kuvutwa kidogo; mishono isiachane.

Vishikio. Hii ndiyo sehemu inayokatika mara nyingi kuliko zote. Kishikio kilicho imara hakikushikizwa mdomoni tu. Huteremka ubavuni, hupita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, hivyo uzito hubebwa na mkanda mzima. Iwapo kimeshonwa ubavuni, mshono uwe wa mraba wenye msalaba katikati, wala si mstari mmoja. Kamba nyembamba ya katani hukata bega. Mkanda mpana wa pamba au ngozi ni afadhali.

Vyuma. Hewa ya chumvi ya Pwani hula chuma upesi. Pete, vifungo na zipu za shaba hudumu kuliko za chuma kilichopakwa rangi. Kutu pia huacha madoa yasiyotoka katika nguo.

Rangi. Kitambaa cheupe kilicholowa kisuguliwe juu ya sehemu yenye rangi kali. Kikibadilika rangi, nguo za msafiri nazo zitabadilika siku mkoba utakaponyeshewa.

Bitana. Iwe ya pamba, na iweze kutolewa ili ifuliwe. Bitana iliyogandishwa kwa gundi huficha kasoro za ndani na kuzuia mkoba kukauka.

Uzito. Mwisho, mkoba ujazwe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo chupa chache zilizojaa zinatosha kuwa mizani. Sokoni hata nazi zinafaa. Mnunuzi aubebe begani na kutembea hatua kadhaa, kisha atazame tena vishikio na kitako. Asiyetaka kufanya hivyo dukani atafanya jaribio hilo kituoni, ambako hakuna wa kumrudishia pesa.

MKOBA UPI KWA SAFARI IPI

Safari ya matatu na feri humtaka msafiri awe na mkoba mmoja anaoweza kuubeba begani na kuupakata. Chondo cha katani chenye mfuniko au zipu kinatosha kwa siku mbili au tatu. Kikapu kilicho wazi juu hufungwa kwa leso ili vitu visimwagike wala visichomolewe.

Safari ya mashua kwenda Wasini au Kisite ni tofauti. Hakuna kikapu kinachozuia maji. Turubai ya pamba iliyopakwa nta huvumilia marasharasha, lakini si kuzama. Simu, dawa na hati za kusafiria ziwekwe ndani ya chombo kisichopitisha maji, kisha chombo hicho ndicho kiingizwe mkobani.

Kwa wanaopanda ndege ndogo katika uwanja wa Ukunda, kampuni nyingi za ndege za aina hiyo huweka kikomo cha kilo 15 na hupendelea mabegi laini yasiyo na fremu ngumu. Hapo begi la turubai hulishinda sanduku. Msafiri athibitishe na kampuni yake kabla ya kufunga mizigo.

Anayekwenda ng'ambo ana jambo jingine la kuzingatia. Nchi kama Australia na New Zealand humtaka kila abiria atangaze bidhaa za mimea, vikiwemo vikapu, ili zikaguliwe kama zina wadudu au mbegu. Kikapu safi kilichokauka kwa kawaida hakileti shida. Kisichotangazwa chaweza kuleta faini. Pakacha bichi lisipelekwe kabisa.

UTUNZAJI

Msimu wa masika, Kwale hupata unyevu unaotosha kuota ukungu katika viatu vilivyo kabatini, sembuse kikapu. Mkoba uliolowa ugeuzwe nje ndani na kuanikwa kivulini penye upepo. Jua kali hupausha rangi na kuukausha ukindu kiasi cha kukatika. Mchanga wa ufuoni ukung'utwe, kwa kuwa chembe zake hukereza nyuzi kama msasa. Chumvi ya bahari isuuzwe kwa maji baridi, kwani hunasa unyevu na kuufanya mkoba usikauke.

Katani na ukindu visilowekwe kwenye maji ya sabuni. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha kupangusia. Nyumbani, mkoba utundikwe, usiachwe sakafuni kwenye mchwa na panya, na ujazwe nguo kuukuu ili usipoteze umbo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshono mmoja wa ukili ukifumuka, ushonwe siku hiyo hiyo kwa chane iliyolowekwa au uzi mnene wa pamba. Kununua moja kwa moja kwa msukaji kuna faida hapa: ndiye anayejua alikoanzia, na ndiye awezaye kuurudishia mkoba kishikio kwa gharama ndogo kuliko bei ya mpya. Mkoba unapofikia mwisho wake, zipu, pete na bitana za plastiki ziondolewe, na nyuzi zikatwekatwe kuwa mboji.

MMEA NAO UKUMBUKWE

Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2009 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyuzi za Asili, kwa kutambua mamilioni ya wakulima na mafundi wanaozitegemea. Lakini soko likikua bila mpango, mmea ndio unaoumia. Nchini Botswana, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 1987 walionyesha kuwa ususi wa vikapu vya kuuza ulikuwa umeielemea mikoma ya kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, pamoja na mimea iliyotumika kutia rangi.

Sababu ni rahisi kuelewa. Msusi huhitaji jani changa ambalo halijafunguka, nalo ndilo linaloendeleza ukuaji wa mti. Shina likivunwa machanga yake mfululizo, hudumaa na hatimaye hufa. Mvunaji mwangalifu huacha jani moja changa kwa kila alilokata, hubadilisha vichaka, na haukati mti mzima kwa ajili ya kilele chake. Mkindu, kwa kuwa hupenda kingo za mito, una kazi ya ziada ya kushikilia udongo usichukuliwe na maji.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi ana swali moja la mwisho la kumuuliza msukaji: majani haya yalikatwa wapi, na vichaka vyake vinaendeleaje? Msukaji anayevuna mwenyewe atalijibu bila kusita, na kikapu chake kitakuwa na uwezekano mkubwa wa kupata mwenzake mwakani.

Rahisi huvunja upishi, na vivyo hivyo huvunja safari. Mkoba wa bei ya chini unaomwaga mzigo Kombani humgharimu mwenyewe mara mbili: ule uliochanika, na ule atakaonunua kwa pupa huku gari likipiga honi. Aliyetumia muda kukagua kitako, vishikio na mishono hulipa mara moja, na huenda mkoba huo ukabebwa na mwanawe pia.